Unene wa mshipa wa shingo na miguu iliyovimba: kisa cha mwalimu mstaafu mwenye kisukari

Kisa hiki kinahusu mama mmoja mwenye kisukari cha aina ya pili, kipimo cha shingo ambacho hakuna tabibu wake aliyekiagiza, na dawa aliyotumiwa na mwanawe kwa nia njema kabisa. Jina, mji, vituo na mwaka vimeondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Nawaandikia matabibu, wauguzi na wafamasia wa kliniki za kisukari, lakini pia watoto wanaowatunza wazazi kutoka mbali, kwa sababu wao ndio wanaolipia sehemu kubwa ya vipimo na dawa za wazee wetu, na mara nyingi hakuna anayekaa nao kuwaeleza kitu.

## Mgonjwa

Tumwite Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo mtaani kwake haitwi vinginevyo. Ana miaka sitini na kidogo, anaishi pwani ya Tanzania na binti yake na wajukuu. Kisukari kiligunduliwa yapata miaka kumi iliyopita, presha ikafuata baadaye. Havuti sigara. Miaka michache nyuma aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliunga vizuri, na habari hiyo ilibaki kwenye daftari la zamani la kliniki. Lilipojaa akapewa jipya, haikuhamishwa.

Dawa zake zilikuwa metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi, zote mbili za kisukari, na amlodipini miligramu 10 kwa ajili ya presha. Dawa ya kupunguza lehemu hakuwahi kuandikiwa. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilisoma asilimia 9.1, presha 156/90, lehemu mbaya milimoli 3.9 kwa lita. Uzito kilo 78.

Kwa namba hizo tu, kabla ya mashine yoyote kugusa shingo yake, Mwalimu alikuwa mtu mwenye hatari kubwa ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Yeye mwenyewe alilijua hilo kwa njia nyingine: mdogo wake alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia na kubaki na udhaifu wa mkono na mguu wa kulia. Alikuwa akimwogesha.

## Yaliyotokea

Mwanawe wa kiume anafanya kazi Muscat, Oman. Mama mdogo alipougua, aliingiwa na hofu akamlipia mama yake vipimo vya mwili mzima kwenye kituo binafsi. Ndani ya kifurushi hicho kulikuwa na ultrasaundi ya mishipa mikubwa ya shingo, ile inayopeleka damu kwenye ubongo. Ripoti ilisema ukuta wa mshipa, tabaka la ndani na la kati kwa pamoja, una unene wa milimita 1.0 kulia na 1.1 kushoto, hakuna bonge la mafuta lililoota ukutani, damu inapita bila kizuizi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja kwa herufi kubwa: unene umezidi kawaida, amwone mtaalamu wa moyo.

Ripoti ilipigwa picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mtaalamu wa moyo wa karibu alikuwa mkoa mwingine. Mwanawe akauliza huku na kule, na mfamasia mmoja akamweleza jambo ambalo kwa hakika ni la kweli: ipo dawa ya kisukari iliyopimwa kwa ajili ya ukuta huohuo wa mshipa wa shingo, ikaonekana inazuia usinenepe. Dawa hiyo ni pioglitazoni. Akanunua vidonge vya miligramu 30 vya miezi mitatu, akavituma na msafiri, na ujumbe wa sauti: “Mama, hizi ni za mishipa. Zile za sukari endelea nazo kama kawaida.”

Maneno hayo mawili, “za mishipa”, ndiyo yaliyoendesha kila kilichofuata.

Wiki ya tatu viatu vilianza kumbana. Wiki ya sita alikwenda zahanati ya jirani, miguu yote miwili imevimba mpaka juu ya kifundo. Tabibu alimuuliza anatumia dawa gani za sukari na za presha. Akazitaja tatu, kwa ukamilifu, kama mwalimu anavyojibu. Tabibu alijua kwamba amlodipini ya miligramu 10 huvimbisha miguu, hasa kwa wanawake, basi akaipunguza hadi miligramu 5 na kuongeza frusemidi, dawa ya kukojoza. Kwa taarifa alizokuwa nazo, uamuzi huo ulikuwa na mantiki.

Miguu haikupungua. Presha ikapanda hadi 168/96. Mwalimu akaanza kulalia mito miwili na kuhema akipanda ngazi tatu za baraza lake. Alfajiri moja binti yake alimkuta analowa jasho na maneno hayashikani. Mashine ya nyumbani ya kupima sukari ikasoma milimoli 3.4 kwa lita. Chai yenye sukari ikamrudisha. Siku ya pili yake wakaja kliniki kwetu.

Muuguzi aliyempokea ana desturi moja ambayo natamani kila kliniki iige. Hamuulizi mgonjwa anatumia dawa gani. Humwambia: “Shikamoo Mwalimu. Naomba unimwagie hapa mezani kila unachokimeza, hata cha mitishamba, hata alichokuletea mtu.” Mkoba ukafunguliwa: metformini, glibenklamidi, amlodipini, frusemidi, chupa ya mafuta ya habasoda, na boksi la pioglitazoni ambalo halikuwa kwenye daftari lolote.

## Maamuzi na sababu zake

Pioglitazoni ilisimamishwa siku hiyohiyo. Uzito ulikuwa kilo 83.5. Miguu ilibonyea kwa kidole hadi katikati ya muundi, na kulikuwa na mlio mwepesi chini ya mapafu yote mawili. Ultrasaundi ya moyo ilionyesha moyo unasukuma vizuri, lakini ukuta wa chumba cha kushoto ni mnene na haulegei sawasawa kati ya pigo na pigo, hali ya kawaida kwa mtu aliyekaa na presha ya juu kwa miaka. Figo zilikuwa zinachuja vizuri, ila mkojo ulikuwa na protini.

Picha ikakamilika. Pioglitazoni huifanya figo irudishe chumvi na maji mwilini badala ya kuyatoa. Moyo laini huweza kuyabeba maji hayo bila mtu kujua. Moyo mgumu kama wa Mwalimu haukuweza. Frusemidi haikusaidia kwa sababu uvimbe wa dawa za kundi hili mara nyingi hauitikii vizuri dawa ya kukojoza ya aina hiyo, na tiba yake hasa ni kuacha dawa yenyewe. Sukari ilishuka alfajiri kwa sababu pioglitazoni huufanya mwili uisikie insulini zaidi, wakati glibenklamidi inaendelea kuikamua kongosho itoe insulini bila kujali sukari imefika wapi.

Kulikuwa na ubishi wa kweli mezani, na nauweka hapa kwa sababu aliyeleta hoja hakuwa mjinga. Mwenzetu mmoja alipendekeza tupunguze tu hadi miligramu 15 tusiiache kabisa. Alisema pioglitazoni si dawa ya kubeza: utafiti wa IRIS, uliotolewa mwaka 2016 ukiwa na watu 3,876 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za kupita, ulionyesha waliopewa pioglitazoni walipata kiharusi au mshtuko wa moyo asilimia 9.0, na waliopewa kidonge kisicho na dawa asilimia 11.8. Hiyo ni faida ya maana. Lakini washiriki wa IRIS hawakuwa na kisukari na walichujwa wasiwe na moyo ulioshindwa kazi. Na hata wao, mivunjiko mikubwa ya mifupa ilikuwa asilimia 5.1 dhidi ya 3.2. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, mwenye dalili za moyo kulemewa, na ambaye binti yake ndipo akakumbuka kutaja mkono uliovunjika, hoja ya miligramu 15 haikusimama.

Maamuzi mengine yalikwenda haraka. Glibenklamidi iliondolewa, ikaja gliklazidi, dawa ya ukoo huohuo. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe inasema glibenklamidi haiwafai waliovuka miaka 60, na Ramadhani ilikuwa inakaribia. Metformini ikapandishwa taratibu hadi gramu moja mara mbili kwa siku. Amlodipini ikabaki 5, ikaongezwa losatani kwa ajili ya presha na ile protini ya kwenye mkojo. Frusemidi ikaachwa baada ya uvimbe kuisha. Na akaanzishiwa atovastatini miligramu 20, dawa ya kupunguza lehemu ambayo ilipaswa kuwa mkobani mwake miaka mingi nyuma.

Kisha tukampigia mwanawe simu, mama yake akiwepo, kwa ridhaa yake. Hakulaumiwa. Alielezwa dawa aliyoituma inafanya nini, kwa nini haimfai mama huyu, na kwamba kama ana fedha za kusaidia, zipo sehemu mbili tatu ambako zitamlinda mama kuliko kipimo kingine cha shingo. Uamuzi wa kutorudia ultrasaundi ya shingo ulifanywa siku hiyo na kuandikwa kwenye daftari. Sababu yake, kama itakavyoonekana, haikufika nyumbani.

## Matokeo

Ndani ya wiki tano uzito ulirudi kilo 79, mto mmoja ukatosha, na ngazi za baraza hazikumsumbua tena. Mwezi wa sita tangu aje kwetu, sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 7.4, presha 134/80, lehemu mbaya milimoli 2.0. Sukari haikushuka tena chini ya 4.

Mwezi wa nane Mwalimu alipita kwenye kituo kingine kilichokuwa kinapima kwa punguzo, akapimwa shingo. Ripoti ikasema milimita 0.9 pande zote mbili, kawaida kwa umri wake. Nyumbani ilikuwa furaha, na furaha hiyo ikaleta hitimisho ambalo ni la kawaida kabisa kwa mtu yeyote mwenye akili timamu: mishipa imepona, basi dawa ya mishipa imemaliza kazi. Akaacha atovastatini. Mwezi wa kumi na moja lehemu mbaya ilikuwa imepanda hadi 3.6.

Alirudishiwa dawa baada ya mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya naye. Hajapata kiharusi wala mshtuko wa moyo mpaka ninapoandika. Siwezi kusema hilo limetokana na matibabu yetu; kwa mgonjwa mmoja, kwa muda huu, hakuna awezaye kusema hivyo.

## Uchambuzi

### Milimita 0.013

Nianze na utafiti ambao ndio shina la ushauri aliopewa mwanawe, kwa sababu ukiusoma wenyewe unajibu nusu ya kisa.

Unaitwa CHICAGO, ulifanyika katika jiji hilo la Marekani na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Watu wazima 462 wenye kisukari cha aina ya pili waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine pioglitazoni, wengine glimepiridi, dawa ya ukoo mmoja na glibenklamidi. Walifuatiliwa kwa wiki 72. Kwa waliopewa glimepiridi ukuta wa mshipa wa shingo ulinenepa kwa wastani wa milimita 0.012, kwa waliopewa pioglitazoni ulipungua kwa wastani wa milimita 0.001. Tofauti kati ya makundi: milimita 0.013, mwaka mmoja na nusu baadaye.

Sasa weka namba hiyo kando ya Mwalimu. Kipimo cha kwanza 1.1 upande wa kushoto, cha pili 0.9 upande huohuo. Tofauti ni milimita 0.2, zaidi ya mara kumi na tano ya faida yote iliyoonekana Chicago, na imetokea katika miezi isiyotimia mwaka. Hakuna dawa inayofanya hivyo. Kilichobadilika ni mashine, mpimaji, pembe ya kichwa cha mgonjwa, sehemu ya mshipa iliyopimwa, na pigo la moyo lililokuwa likipita picha ilipogandishwa. Kupima badiliko la dawa kwa mgonjwa mmoja kwa ultrasaundi ya kawaida ni sawa na kupima unene wa karatasi kwa futi ya fundi cherehani.

Watafiti hufanikiwa kuona sehemu moja ya mia ya milimita kwa sababu wana mamia ya watu, wapimaji waliofundishwa pamoja, itifaki moja, na kompyuta inayosoma nukta nyingi za ukuta na kutoa wastani. Makosa ya mmoja yanafutwa na ya mwingine. Mtu mmoja mbele ya mashine mbili tofauti hana cha kumfutia.

Kwa hiyo ripoti ya kwanza haikupaswa kumtisha Mwalimu, na ya pili haikupaswa kumfurahisha. Zote mbili zilisema jambo moja: mwanamke wa umri huu, mwenye kisukari na presha ya miaka, ukuta wa mishipa yake uko mahali unapotarajiwa kuwa. Mwaka 2013 vyama vikuu vya moyo vya Marekani vilishauri kutotumia kipimo hiki cha unene kama kawaida katika kukadiria hatari ya mgonjwa mmoja mmoja. Kipimo hicho kilielezwa na Paolo Pignoli na wenzake wa Milano mwaka 1986, na kimeifundisha dunia mengi kuhusu namna mishipa inavyozeeka. Ni chombo kizuri cha utafiti. Kinauzwa kwenye vifurushi vya vipimo kana kwamba kinatoa hukumu, na hilo ndilo ninalolipinga.

Jambo jingine kwenye ripoti yake lilikuwa na thamani kuliko ile namba, na hakuna aliyelisoma kwa sauti: hakukuwa na bonge la mafuta. Kama lingekuwapo, hasa la kuziba njia, mazungumzo yangebadilika.

### Ukuta kupungua na mtu kuokoka ni maswali mawili

Wazo la mfamasia lilikuwa hivi: ukuta mnene huleta kiharusi, dawa hii huzuia unene, basi dawa hii huzuia kiharusi. Kila hatua inaonekana sawa. Historia ya dawa za kisukari inaonyesha kwa nini haitoshi.

Pioglitazoni ina ndugu yake, rosiglitazoni. Nayo ilijaribiwa kwenye ukuta wa mshipa wa shingo, kwa wagonjwa wa moyo wasio na kisukari, na ikaonekana kupunguza kasi ya kunenepa. Hiyo ilikuwa mwaka 2004. Miaka mitatu baadaye Steven Nissen na Kathy Wolski walikusanya majaribio yaliyokuwapo wakakuta uwezekano wa mshtuko wa moyo uko juu kwa asilimia 43 kwa waliotumia rosiglitazoni. Mwaka 2010 Ulaya iliisimamisha na Marekani ikaibana vikali. Utafiti wa RECORD, uliotoka mwaka 2009, haukuthibitisha ongezeko la vifo vya moyo, na Marekani ililegeza masharti mwaka 2013, lakini ongezeko la moyo kushindwa kazi halikuwa na ubishi. Dawa iliyouonea huruma ukuta wa mshipa iliulemea moyo.

Pioglitazoni yenyewe ilipimwa kwa watu 5,238 katika utafiti wa PROactive, mwaka 2005. Lengo kuu lililopangwa halikufikiwa kitakwimu. Lengo la pili, yaani kifo, mshtuko wa moyo na kiharusi vikihesabiwa pamoja, lilipungua kwa asilimia 16. Na moyo kushindwa kazi uliripotiwa kwa asilimia 11 ya waliotumia dawa dhidi ya 8. Ukisoma sentensi hizo tatu kwa pamoja unamwona Mwalimu. Dawa ina faida, na ina gharama, na gharama hiyo huwaangukia watu wenye moyo kama wake.

Upande wa pili wa sarafu ni empagliflozini, dawa nyingine ya kisukari. Mwaka 2015 utafiti wenye wagonjwa 7,020 wa kisukari na magonjwa ya moyo ulionyesha vifo vya moyo vimepungua kwa asilimia 38 na kulazwa kwa moyo kushindwa kazi kwa asilimia 35. Faida ilianza kuonekana ndani ya miezi michache. Ukuta wa mshipa haubadiliki kwa kasi hiyo. Faida inapita njia nyingine, ya maji, chumvi, figo na kazi ya moyo. Mtu aliyekuwa anachagua dawa kwa kuangalia unene wa ukuta tu asingeiona.

Je, unene huo hauna maana kabisa? Unayo. Mwaka 2020 uchambuzi wa majaribio 119 yenye wagonjwa zaidi ya laki moja uligundua kwamba tiba zinazopunguza zaidi kasi ya ukuta kunenepa, kwa ujumla, ndizo zinazopunguza zaidi maradhi ya moyo na mishipa. Ni uhusiano kati ya tiba na tiba, makundi na makundi. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2012, uliofuatilia karibu watu 37,000 wasio kwenye majaribio ya dawa, haukukuta kwamba mtu ambaye ukuta wake umenenepa haraka kati ya vipimo viwili ndiye anayepata kiharusi zaidi. Mwanawe alichukua ukweli wa makundi akauvalisha mama yake.

### Sukari yenyewe na ukuta

Wapo watakaouliza: basi kuidhibiti sukari hakusaidii mishipa? Kunasaidia, kwa mwendo wa miaka. Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza wa utafiti wa DCCT, watu 1,441 Marekani na Kanada. Nusu yao walidhibitiwa sukari kwa ukali kwa wastani wa miaka sita na nusu, kisha jaribio likaisha na sukari za makundi yote mawili zikakaribiana. Mwaka 2003, miaka kadhaa baadaye, ukuta wa mshipa wa shingo ulikuwa umenenepa polepole zaidi kwa wale waliodhibitiwa mapema. Mwaka 2005 ikaonekana na matukio ya moyo na mishipa yamepungua kwao kwa asilimia 42. Mishipa inakumbuka sukari ya zamani. Mwalimu alikaa miaka mingi juu ya 9 huku dawa zikikatika kwenye kituo chake mara kwa mara, na hilo lina uzito kuliko chaguo lolote la kidonge.

Kwa mtu mwenye umri wake, hata hivyo, kinachomkinga na kiharusi kwa haraka zaidi ni presha. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, mwaka 1998, ulilinganisha wagonjwa wa kisukari wenye presha ya wastani wa 144/82 na wale wa 154/87. Viharusi vilipungua kwa asilimia 44. Pengo la namba kumi tu juu. Halafu atovastatini: katika utafiti wa CARDS, mwaka 2004, wagonjwa wa kisukari 2,838 wasio na historia ya moyo walipewa miligramu 10 au kidonge tupu, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda kwa sababu faida ilikuwa wazi, viharusi vilipungua kwa asilimia 48. Dawa hizi zina majina ya kawaida, ni za bei nafuu, na hakuna anayezituma na msafiri kutoka ng’ambo.

Ndiyo maana jambo linaloniuma zaidi kwenye kisa hiki ni lile la zahanati kulazimika kupunguza amlodipini. Kidonge cha “mishipa” kiliificha sababu ya uvimbe, uvimbe ukaondoa dawa ya presha, na presha ikapanda 168. Mama aliyekuwa akikimbia kiharusi alisogezwa karibu nacho.

### Mazungumzo yaliyofaulu na yaliyokwama

Kilichofaulu ni mkoba kumwagwa mezani. Swali la “dawa gani za sukari” lilikuwa limekwisha ulizwa na kujibiwa kwa uaminifu. Pioglitazoni haikuwa dawa ya sukari kichwani mwa Mwalimu. Kilichofaulu pia ni simu ya Muscat. Mtoto anayelipia matibabu ni sehemu ya timu, apende au asipende, na akiachwa nje ataunda mpango wake.

Kilichokwama ni statini, yaani ile atovastatini. Aliambiwa ni “ya kulinda mishipa”. Neno hilohilo lililokuja na boksi la pioglitazoni. Alipoona ripoti ya 0.9 aliiacha kwa mantiki ileile tuliyomfundisha. Na uamuzi wa kutorudia kipimo uliandikwa daftarini bila kuelezwa sababu, basi punguzo lilipotangazwa hakukuwa na cha kumzuia. Maelezo yaliyofanya kazi mara ya pili yalikuwa ya mtu wa shule: tulimwandikia namba mbili kwenye karatasi, 0.013 na 0.2, tukamweleza kila moja imetoka wapi, naye mwenyewe akasema kipimo hakiwezi kuona kitu kidogo kuliko kosa lake. Aliwahi kufundisha hisabati darasa la sita.

## Hali ilivyo sasa

Daftari lake lina ukurasa mmoja wa mbele wenye dawa zote, kila moja na kazi yake kwa maneno kamili: “atovastatini, kila usiku, inapunguza lehemu, haiachwi kipimo kikiwa kizuri.” Mkono uliovunjika umeandikwa juu kabisa kwa wino mwekundu. Binti anapima presha nyumbani mara mbili kwa wiki na kutuma namba kwenye kundi la familia, mahali ilipokuwa ripoti ya ultrasaundi.

Fedha za mwanawe sasa zinanunua dapagliflozini, dawa ya kundi moja na empagliflozini. Kundi hilo liliingia kwenye orodha ya dawa muhimu duniani mwaka 2021, lakini kituo cha Mwalimu hakina akiba ya uhakika. Tulimtaka mwanawe ahakikishe kwanza anaweza kuilipia mwaka mzima kabla mama hajameza kidonge cha kwanza. Mwalimu naye ameelezwa aiache siku za kutapika au kuharisha, na kwamba kabla ya kila Ramadhani tutakaa upya kuhusu dozi na maji. Kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na protini ya mkojo vitarudiwa baada ya miezi mitatu, lehemu baada ya miezi sita.